Ng'ombe wa Mahari Waliolala Kilimani

Hii nimetumiwa leo asubuhi, nikaisoma nikiwa na ndoo ya maziwa mkononi, nikacheka mpaka ng'ombe akanigeukia. Siwezi kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho, halafu mpelekee yeyote mwenye ng'ombe, mwenye kuku, au mwenye wakwe.

Katika kijiji cha Mwanhale alikuwako mfugaji mmoja, jina lake Luhende. Alikuwa na mwili mkubwa, kicheko kikubwa, na ubishi uliovishinda vyote viwili. Alikuwa na mke, na binti mmoja tu aitwaye Limi. Ng'ombe wake aliwapenda mno, hata majirani wakasema Luhende akilala haoti ndoto, anacheua.

Lakini mwaka mmoja kabla ya habari hii, Luhende alikuwa amelia. Alinunua dume mnadani, dume la kupendeza, lenye nundu ya kutisha. Njia nzima dume likakohoa. Luhende akasema ni vumbi. Jioni akalifikisha nyumbani na kulichanganya na wenzake palepale. Mvua za mwaka ule zilipoanza, nusu ya zizi lake ilikuwa tupu.

Mtaalamu wa mifugo wa kata, mama mmoja aitwaye Tabitha, hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mzee Luhende, mnyama mgeni mweke peke yake mwezi mzima. Awe na maji yake, ndoo yake, na mtu wake wa kumhudumia. Kama amebeba ugonjwa, utajitokeza akiwa huko huko."

Basi Luhende akajenga zizi dogo juu ya kilima, ng'ambo ya shamba lake, akaapa mbele ya mkewe kwamba mnyama mgeni hatalala tena na ng'ombe wake, hata aletwe na malaika. Majirani wakaliita gereza. Yeye hakujali. Na tangu mwaka ule, kila asubuhi kabla ya kunywa chai, alipita kati ya ng'ombe wake akiwatazama mmoja mmoja. Pua ni mbichi? Masikio yamesimama? Anacheua? Mavi yakoje? Anatembea sawasawa? Akiridhika, ndipo alipokwenda kunywa chai.

Sasa sikiliza. Mwaka uliofuata Limi akaposwa.

Kijana aliitwa Maduhu, kutoka ng'ambo ya mto, na Limi alimpenda waziwazi, bila kujificha. Baba wa kijana alikuwa Mzee Gamaya, mtu mwembamba, mwenye masharubu na majivuno, ambaye huvaa koti hata jua likiwa la utosi.

Kwao desturi ni moja. Ng'ombe wa mahari wakifika, huingia zizini kwa baba wa binti siku ileile. Shangazi wa binti husimama langoni akawapa maji, na wanawake hupiga vigelegele. Wasipoingia, mahari haijapokelewa, na harusi hakuna.

Siku ikafika. Mchana, ng'ombe wakaonekana wakipanda kutoka mtoni, wameogeshwa wanang'aa, kengele shingoni, Gamaya mbele na koti lake. Vigelegele vikapaa. Shangazi Nyanzobe, dada mkubwa wa Luhende, alikuwa langoni ameshika kata ya maji, amejifunga kanga mbili kiunoni.

"Karibuni, karibuni sana wakwe zangu!" akasema Luhende. "Watu wote waingie. Ng'ombe wapande kilimani."

Vigelegele vikakatika.

"Kilimani kuna nini?" akauliza Gamaya.

"Kuna zizi la wageni. Watakaa humo mwezi mmoja, halafu wataingia hapa."

Gamaya akatazama kilimani. Akatazama ng'ombe wake. Akamtazama Luhende. "Mkwe, unasema ng'ombe wangu ni wagonjwa?"

"Sijasema wagonjwa. Nimesema wageni."

"Ng'ombe hawa nimewachagua mmoja mmoja! Jana nimewasugua kwa mikono yangu! Hata mimi mwenyewe tangu nizaliwe sijasuguliwa namna hiyo!"

Watu wakataka kucheka, wakaona uso wake, wakaacha.

Shangazi Nyanzobe akamsogelea ndugu yake, kata ya maji bado mkononi. "Luhende. Ng'ombe wa mahari yangu mimi walilala nje?"

"Hawakulala nje, dada."

"Basi sogea pembeni."

Luhende hakusogea, lakini aligeuza macho. Kwa maana alikuwa amemwona Limi. Binti alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na kitenge chake kipya, mikono kifuani, hapumui. Luhende alijua kwamba neno moja tu, "Haya, waingie," lingemrudishia mwanawe pumzi. Lakini alikumbuka pia asubuhi zile za mwaka jana, alivyokuwa akiingia zizini na kumkuta mwingine amelala hainuki.

Akavuta pumzi, akasema, "Mkwe wangu, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi niliumwa. Tena nikuulize. Sisi watu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wako nawapa mwezi mzima wa kula na kulala, bila jembe. Nani amewaheshimu kuliko mimi?"

Bibi mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Hata masharubu ya Gamaya yalitikisika kidogo. Lakini mzee akajikaza.

"Sawa. Ng'ombe wangu wakae kilimani. Na mwanangu Maduhu naye atakaa kwetu. Hakuna harusi mpaka mahari ipokelewe. Na mwezi ukiisha bila hata mmoja wao kukohoa, utasimama mbele ya watu wote uniombe radhi, na utoe dume la faini."

"Na akikohoa?"

"Akikohoa, radhi nitaomba mimi."

Limi akageuka akaingia jikoni, na sufuria zikasikika mpaka barabarani.

Na Shangazi Nyanzobe je? Lo! Alitwaa kigoda chake, ndoo yake, kopo lake la ugoro, akawatangulia ng'ombe njia ya kilimani huku akifoka. "Kama wewe umewakataa, mimi nitawapokea! Na usikanyage huku! Ndoo yako isifike, mguu wako usifike! Asiyetaka ng'ombe wa watu asiwaguse!"

Walipofika, akafungua lango la zizi dogo, akasimama palepale, akawapa maji mmoja mmoja kwa kata yake. Kisha akaketi kwenye kigoda kama mfalme. Akahamia huko. Akajengewa kibanda, akakata majani mwenyewe, akawapa ng'ombe majina na kuwaimbia.

Mwezi ukaanza kwenda, na maisha ya Luhende yakawa magumu kwa namna ya kuchekesha, ingawa yeye hakucheka.

Kwanza, wageni wa kilimani walinenepa. Manyoya yaking'aa, mikia ikipepea. Kila mpita njia akapaza sauti, "Mzee Luhende, wagonjwa wako hawajambo?" Pili, Limi. Zamani baba na binti walikuwa wakitaniana mpaka ugali unapoa. Sasa aliweka chakula, akasema, "Karibu baba," akaondoka. Hilo lilimuuma Luhende kuliko faini yoyote.

Ikafika mahali kila asubuhi, akimaliza kuwatazama ng'ombe wake, alikwenda kusimama njiani chini ya kilima na kuwaangalia wageni kwa mbali.

"Kohoa, mama," alimnong'oneza mtamba mmoja mweupe. "Kikohozi kidogo tu. Hata cha kusingizia."

Mtamba akamtazama, akaendelea kucheua.

Asubuhi moja ikasikika chafya kali kutoka zizini. Luhende akaruka juu. "Umesikia, dada? Umesikia? Amepiga chafya!"

Kichwa cha Shangazi Nyanzobe kikachomoza juu ya ua. "Nimepiga mimi! Ni ugoro wangu! Ebo, mtu mzima unashangilia chafya?" Na kipande cha mavi makavu kikapita karibu na sikio lake.

Luhende akarudi nyumbani taratibu na aibu moyoni. Yeye, aliyewalilia ng'ombe mwaka jana, leo anaomba ng'ombe wa watu waugue ili ashinde ubishi! Alijichukia siku hiyo.

Katikati ya mwezi akapata furaha moja. Maksai wake wawili, Chuma na Nyota, waliokuwa wameazimwa na shemeji yake kulima kijiji cha mbali, wakarudi. Luhende alikwenda kuwalaki njiani. "Wanangu! Wamewachosha eh?" Akawapigapiga mgongoni, akawafungulia lango yeye mwenyewe, na Chuma, ambaye ndiye kipenzi chake, akaenda moja kwa moja kwenye birika akanywa pamoja na wenzake. Siku hiyo Luhende alipiga mluzi mpaka usiku.

Mwezi ukabakiza siku chache. Ng'ambo ya mto maandalizi yakapamba moto. Gamaya alikwisha alika ukoo mzima kuja kusikia radhi ikiombwa, na kina mama wa huko walikuwa wametunga wimbo juu ya Luhende na kikohozi kisichokuja. Wimbo ulikuwa mtamu. Hata watu wa Mwanhale walianza kuuimba kisimani.

Asubuhi moja Luhende akaingia zizini kama kawaida. Pua, masikio, macho. Akafika kwa Chuma, akasimama.

Chuma hakuwa anacheua. Masikio yameanguka. Alikuwa akifyonzafyonza midomo kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, na mate yalimtoka kama uzi mrefu mpaka chini. Akainua mguu mmoja, akaurudisha, akainua mwingine.

"Ni jua," akasema Luhende. Jua lilikuwa halijachomoza.

"Basi ni majani makali," akasema tena.

Akamshika taya, akamfungua mdomo. Malengelenge kwenye ulimi na fizi, mengine yamepasuka. Akagusa sikio, la moto. Akainua ukwato, akaona kidonda katikati. Akageuka, na ng'ombe mzee wa maziwa aliyesimama karibu na Chuma naye alikuwa ameanza kutoa mate.

Luhende akaketi juu ya ukingo wa birika.

Hapo ndipo, ndugu msomaji, palipokuwa na mtihani wenyewe. Ule wa langoni ulikuwa mazoezi. Kwa maana hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameona. Na moyo wa binadamu una maneno. Ulimwambia, Luhende, nyamaza. Siku chache tu. Wageni wa kilimani watashuka, wataingia humu kwa vigelegele, Limi ataolewa. Baadaye wakianza kutoa mate, wewe utapiga makofi na kusema, si niliwaambia? Hao hapo wagonjwa wa Gamaya! Radhi ataomba yeye. Wimbo utageuka.

Ushindi ulikuwa mkononi kabisa. Kutoka kilimani ikaja sauti ya dada yake akiwaimbia ng'ombe kwa majina yao. Akamfikiria yule mtamba mweupe. Akamfikiria Limi, atakayemwita Gamaya baba maisha yake yote, juu ya uongo.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema kwa sauti. Na Chuma akamdondoshea mate juu ya kiatu.

Luhende akasimama, akapiga kelele kuelekea kilimani. "Dada! Usishuke! Leo wala kesho! Nina ugonjwa huku!" Kisha akamwita mkewe ampigie simu Tabitha.

Tabitha akaja na pikipiki yake. Hakukimbilia zizi kubwa. Alipanda kwanza kilimani kuwatazama wageni, kwa kuwa mtaalamu huanza na wazima ndipo aende kwa wagonjwa. Kisha akashuka, akachanganya dawa kwenye beseni langoni, akakanyaga humo na buti zake, akaingia. Akamfungua Chuma mdomo, akatikisa kichwa.

"Ni ugonjwa wa miguu na midomo. Zizi hili nalifunga. Hakuna ng'ombe kuingia, hakuna kutoka, mpaka nitakaposema. Waoshe vidonda, wape majani laini na maji mengi. Wakubwa wengi hupona. Ndama ndio uwaangalie sana. Na maziwa msinywe bila kuchemsha."

"Umetoka wapi?" akauliza Luhende, na akainua macho kilimani kwa tumaini lisilo na haya.

"Huko sahau. Wale ni wazima wa afya. Katika zizi hili ameingia mnyama gani karibuni?"

"Hakuna mgeni aliyeingia! Mwulize yeyote. Naapa!"

"Maksai hawa walikuwa wapi?"

"Walikwenda kulima kwa shemeji."

"Wakarudi lini?"

"Juzijuzi."

"Ukawaweka wapi?"

"Hapahapa. Ningewaweka wapi? Si ni wangu!"

Tabitha akageuza uso. Akainama kuosha mikono, mabega yakimtikisika. Lakini kilimani kulikuwa na masikio.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Luhende!" Shangazi Nyanzobe akapaza sauti, akaangua kicheko mpaka ng'ombe wa mahari wakainua vichwa vyote. "Unawafungia lango ng'ombe wa mkwe, unamfungulia Chuma!"

Luhende akalitazama lango. Kumbe mwezi mzima amekilinda kilima, ugonjwa ukapita langoni ukipigwapigwa mgongoni. Akageuka, akamwona Limi ameweka kiganja mdomoni. Binti akajikaza, akajikaza, akashindwa. Akacheka, na baba yake naye akacheka, wakacheka wote wawili wakiwa wameshikilia ua, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kisha Limi akanyamaza. "Baba, na harusi?"

Luhende akauachia ua. Aliingia kuoga, akabadili nguo zote, akakanyaga ndani ya beseni la dawa, akavuka mto.

Nyumbani kwa Gamaya watu walikuwa uani wakifanya mazoezi ya ule wimbo. Luhende akasimama barabarani, mbali na lango.

"Hodi!"

"Karibu mkwe!" Gamaya akatokea akifunga vifungo vya koti. "Umekuja mapema kuomba radhi? Ingia, ingia!"

"Siingii."

"Kwa nini?"

"Leo mgeni wa kutengwa ni mimi."

Wimbo ukakatika. Luhende akasema yote palepale barabarani, kwa sauti, mbele ya watu. "Ng'ombe wako ni wazima. Wangu ndio wagonjwa. Ugonjwa umeletwa na maksai wangu mwenyewe, na lango nilimfungulia mimi. Umeshinda, mkwe. Naomba radhi. Dume la faini nitalitoa, ila kwa sasa haliruhusiwi kutoka nje."

Mtu akacheka. Luhende akaendelea.

"Ng'ombe wako wakitaka kurudi, mtaalamu akiruhusu ni wako. Lakini nakuomba kitu kimoja. Usimwadhibu Limi kwa kosa la maksai wa baba yake."

Gamaya akasogea mpaka langoni. "Ungenyamaza, mimi ningejuaje?"

"Usingejua. Ungedhani ni wako walioleta."

"Na ungeshinda."

"Ningeshinda."

Gamaya akavua koti. Watu walioishi naye miaka yote hawakuwahi kumwona akilivua mchana. Akalitundika kwenye ua, akajifuta uso, na kicheko kikaanza kutoka kidogokidogo, kisha chote. "Lango nililoligombania mimi! Siku ile ungenisikiliza, leo ng'ombe wangu wote wangekuwa wanatoa mate! Dume gani la faini? Tulisamehe dume lile, limekwisha choka na maneno yetu."

Halafu akakuna kidevu. "Ila desturi, mkwe. Zizi lako limefungwa. Ng'ombe hawawezi kuingia. Mahari itapokelewaje?"

Hilo wote wawili hawakulijua. Basi wakaenda kwa anayejua. Walizungukia njia ya nyuma, mbali na zizi la wagonjwa, wakasimama chini ya kilima, Limi akiwafuata. Shangazi Nyanzobe akawatazama kutoka kwenye kigoda chake. Hakuharakisha. Alifungua kopo, akanusa ugoro, akapiga chafya, akafunga kopo.

"Desturi inasema ng'ombe wa mahari waingie zizi la baba wa binti. Zizi hili ni la nani?"

"La Luhende," akajibu Gamaya.

"Na hili ni nini?"

"Lango."

"Siku ile waliingia au hawakuingia?"

"Waliingia."

"Desturi inasema shangazi awape maji langoni. Niliwapa siku ileile, kwa kata ileile, nanyi mkiwa huko chini mnapigizana kelele." Akajifunga kanga vizuri. "Mahari ilikwisha pokelewa. Ninyi wanaume ndio mmechelewa kupata habari."

Luhende akamkodolea macho. "Dada! Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Uliniuliza?"

Hadi leo hakuna mwenye uhakika kama alijua mwezi mzima au alilibuni papo hapo. Akiulizwa hufungua kopo la ugoro. Lakini siku hiyo hakuna aliyebishana, kwa maana Limi alikuwa amepiga kigelegele kilichovuka mto.

Harusi ikafungwa wiki iliyofuata. Kwa ushauri wa Tabitha sherehe ikawa uwanja wa shule, mbali na mazizi yote, na nyama ikawa ya kuku wa Shangazi Nyanzobe, kwa kuwa hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kusogea. Kila aliyetoka kwa Luhende alikanyaga kwanza beseni la dawa. Bibi harusi naye akainua gauni, akakanyaga, na vigelegele vya hapo vilizidi vya kanisani. Kina mama wa ng'ambo wakaimba ule wimbo wao wa kikohozi, maana haukustahili kupotea, na aliyeucheza kuliko wote alikuwa Luhende mwenyewe.

Ndama mmoja hakupona. Luhende alimzika kwa mikono yake, na hakuficha machozi. Wengine wote wakapona. Na kwa kuwa ugonjwa ulisemwa mapema, Tabitha aliwahi kuchanja ng'ombe wa majirani waliokuwa bado wazima, na haukuvuka mto.

Siku hizi Mwanhale kila ng'ombe wa mahari hupitia kilimani kwanza. Watu wameacha kuliita zizi lile gereza, wanaliita fungate ya ng'ombe, na mkwe ambaye ng'ombe wake hawakupelekwa huko hukasirika kwamba amedharauliwa.

Msimu wa kilimo uliofuata, maksai wakaazimwa tena, wakarudi tena. Luhende akawalaki njiani, akawapigapiga mgongoni, akakimbilia mbele kulifunga lango la zizi kubwa. Wala hakuhitaji kukimbia. Chuma alilipita lango lile bila hata kugeuza shingo, akashika njia ya kilimani mwenyewe, kulikokuwa na majani mazuri na Shangazi Nyanzobe na ndoo yake.

Kama una jirani aliyesema leo kwamba kuku wake wamesinzia kwa sababu ya jua, mpelekee hii kabla jua halijatua.

Funzo: Ugonjwa hauulizi mnyama ni wa nani, huuliza lango liko wazi au limefungwa. Mtenge kila mnyama anayetoka nje, hata awe kipenzi chako, na ukiona dalili sema mapema, kwa maana aibu ya leo hupona haraka kuliko hasara ya kesho.